Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tupime Maji, Tusihesabu Vizuizi

Ndugu wanachama,

Kazi yetu kubwa mwaka huu imekuwa kuziba mifereji iliyochimbwa zamani kukausha kinamasi. Wengi huuliza tumejenga vizuizi vingapi. Naomba tuulize jingine: maji yako sentimita ngapi chini ya uso wa ardhi?

Mboji ya kinamasi, nyiramugengeri, ni mabaki ya mafunjo na nyasi ambayo hayakuoza kwa kuwa maji yalizuia hewa. Huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Unene wa mita moja ni kazi ya miaka elfu. Maji yakishuka, hewa huingia, vijidudu huanza kuila, na hewa ukaa hupanda angani. Ardhi zenye mboji hii ni asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini zimehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Kila sentimita 10 ambazo maji yanapandishwa huokoa takriban tani 3 za hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka. Yakituama juu ya uso, methani, gesi nyingine inayoongeza joto la dunia, huongezeka. Kwa hiyo hatutafuti ziwa: tunataka maji yabaki sentimita 10 hivi chini ya uso.

Kuhusu ujenzi, kwanza ondoa mboji kavu na mizizi hadi ufikie mboji mbichi. Chimba nusu mita ndani ya kingo zote mbili na chini ya sakafu ya mfereji. Jaza mboji mbichi tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka. Pandisha kizuizi sentimita 30 juu ya kingo, kwa sababu kitadidimia, kisha kifunike kwa mabonge ya nyasi yenye mizizi. Anzia juu ya mteremko. Tofauti ya kimo cha maji kati ya kizuizi na kinachofuata isizidi sentimita 30. Penye mteremko wa asilimia 1, hiyo ni kila mita 30. Vizuizi vingi huharibika pembeni, maji yakikizunguka kizuizi ambacho hakikuingizwa vya kutosha ukingoni. Mboji iliyokauka kabisa pia haifai, maana hukataa maji.

Anayedhani haya ni mambo ya anga tu aitazame Rugezi, kaskazini mwa Rwanda. Kuharibiwa kwa kinamasi kile kulichangia Ziwa Burera kupungua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kituo cha umeme cha Ntaruka kikakosa maji, na nchi ikalazimika kuwasha jenereta za dizeli. Hewa ukaa ikatoka bondeni na kwenye mitambo pia. Serikali ikazuia kilimo ndani ya kinamasi na kuhimiza matuta milimani. Mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kiangazi kijacho, kabla ya kizuizi chochote kipya, kila eneo litawekewa bomba la plastiki (PVC) la mita 1.5 lililotobolewa na kufungwa kitambaa, la kupimia maji yako chini kiasi gani. Kipimo kisomwe kila wiki, siku ileile. Wenye mikaratusi ukingoni mwa kinamasi, tafadhali onaneni na kamati: miti hiyo hunywa maji tunayohangaika kuyarudisha, na lazima tukubaliane ni ipi ikatwe kwanza.