Matofali Unayoyaona Uwanjani Si Yote ya Kuuzwa Leo

Wiki iliyopita mteja alisimama mbele ya safu za matofali yetu ya inchi 6, akaambiwa asubiri wiki 3, akaondoka akilalamika kwamba tunaficha mali ili tupandishe bei. Kwa kuwa si wa kwanza kusema hivyo, tumeona tueleze.

Mashine yetu ni moja, nayo hufyatua matofali 1,200 kwa siku. Wateja wa kawaida huchukua yapata 1,000, kwa hiyo yanayobaki ya kujazia akiba ni 200 tu, tena umeme usipokatika. Mwaka jana tulimhurumia mjenzi mmoja, tukampa akiba yote ya matofali 4,000 kwa siku moja. Kuirudisha kulituchukua siku 20 za kazi, na muda wote huo hatukuweza kufunga kwenye mashine kalibu (umbo la kufyatulia) ya inchi 5, huku wateja wa inchi 5 waliokwisha kutanguliza fedha wakiwalipa mafundi waliokaa bure. Tangu hapo hatupangi kiwango cha akiba kwa kutazama mauzo peke yake. Tunatazama pia mashine imebakiwa na nafasi kiasi gani, kwa sababu akiba inayojazwa polepole lazima iwe kubwa na isiguswe ovyo.

Kisha kuna umri. Kila safu imeandikwa tarehe kwa chaki, na tofali halihesabiwi kuwa akiba mpaka litimize siku 14, saba za kwanza likimwagiliwa asubuhi na jioni, maana saruji hukomaa kwa maji, si kwa jua. Mteja mwingine alikataa kusubiri, akapakia kwenye Kenta matofali 1,500 ya siku 4, ambayo kona zake zilikuwa bado zinamomonyoka ukizikwangua kwa ukucha. Tulimwonya, akasaini. Yalipofika kwake 200 yalikuwa yamevunjika, akanunua mengine na kulipia gari mara ya pili, kisha akasema matofali yetu ni mabovu.

Kuhusu bei, mfuko wa saruji wa kilo 50 kwetu hutoa matofali 32. Wapo wanaotoa 50, na tofauti ya bei imetokea humo humo ndani ya mfuko, mbali na fedha zetu zinazolala uwanjani wiki mbili kabla ya kurudi.

Anayehitaji zaidi ya 1,000 alete oda wiki 3 mapema, yaani kabla fundi hajaanza kuchimba msingi.