Barua ya wazi kwa mwalimu wetu: mpumzishe huyo kijana

Mwalimu, shikamoo.

Jina lako silitaji, la timu yetu ya kikapu pia silitaji. Wewe unajijua. Na sisi tunaokaa ngazi ya juu, upande wa ngoma, unatujua vizuri, maana Jumamosi ulitugeukia ukaweka kidole mdomoni tunyamaze. Tulinyamaza. Sasa naandika.

Tuliingia robo ya nne tukiongoza kwa pointi tisa. Tisa, Mwalimu. Uwanjani walikuwa watano walewale ulioanza nao saa kumi jioni, jua la Dar likiwa bado linachoma sakafu. Gadi wetu mdogo, yule anayeupandisha mpira, kila filimbi ikilia, anainama anashika magoti. Jirani yangu akasema anafunga kamba za viatu. Nilizitazama zile kamba, zilikuwa zimefungwa vizuri tu. Kijana alikuwa anatafuta pumzi.

Akapoteza mpira bila kuguswa na mtu. Akarusha kutoka mbali kutafuta pointi tatu, mpira haukugusa hata chuma. Senta wetu, yule wa chini ya kikapu, alikuwa na faulo nne tangu robo ya tatu, na ya tano humtoa mtu mchezoni. Ukamwacha, akala ya tano, akaja kukaa benchi na taulo kichwani. Muda wote huo ulikuwa na taimauti tatu mkononi, yaani nafasi za kusimamisha mchezo uongee na vijana. Sheria unaijua kuliko mimi: ukiingia dakika mbili za mwisho hujaita hata moja, zinabaki mbili, ya tatu imekufa. Ikafa. Wewe umekunja mikono kama mtu anayesubiri pantoni Magogoni. Tukafungwa kwa pointi mbili.

Na benchi lilikuwa limejaa! Yule kijana aliyefunga pointi tatu mara mbili mfululizo robo ya pili, ulimtoa kwa pasi moja iliyopotea na hakurudi tena. Mama yake alikuwa safu moja na mimi, katoka Kibamba na chupa ya uji kwa ajili ya mwanawe. Akaniuliza, "Baba, kwani amekosa nini?" Nikajifanya narekebisha ngozi ya ngoma.

Nikukumbushe kidogo, kwa heshima zote. Mwanzo wa msimu ulituita, ukasema mwenyewe kwamba atakayekuja mazoezini atacheza. Tukapiga makofi, tukachanga, zikanunuliwa jezi kumi na mbili. Hongera kwa utunzaji, Mwalimu: kati ya hizo, jezi sita hazijawahi kupata jasho.

Hii si soka, ambako ukimaliza nafasi zako za kubadilisha umemaliza. Kikapu kinakuruhusu utakavyo. Mtu anatoka, anakunywa maji, anafuta uso, anarudi. Dakika arobaini, wachezaji kumi na wawili, na wewe unatumia sita kana kwamba wengine umewaazima na utawarudisha Jumatatu kwa mwenyewe.

Sababu ni nini? Wapo wanaosema kikosi kinapangwa na mfadhili. Mimi sisemi. Wengine wanasema una ugomvi na vijana wa benchi kuhusu nauli za mazoezi. Sijui. Mimi nahisi unaogopa tu. Mtu wa benchi akiharibu, lawama ni yako. Wale watano wakiharibu, tunasema bahati mbaya. Lakini bahati mbaya gani hii inakuja kila Jumamosi, robo ya nne?

Hata wakubwa yamewakuta. Mei 2025 niliamka saa tisa usiku kuwatazama New York Knicks wakicheza na Indiana, timu za ligi ya NBA ya Marekani. Tom Thibodeau, aliyekuwa kocha wa Knicks, naye sifa yake ni hiyohiyo, kuwakamua wanaoanza mpaka tone la mwisho. Knicks wakaongoza kwa pointi 14 zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, wakaishia kufungwa 138-135 katika muda wa nyongeza. Lakini walau mchezo wa tatu wa timu hizohizo alikubali kugeuza: Josh Hart, aliyekuwa akianza, akaanzia benchi, Mitchell Robinson akaanza badala yake, wakashinda 106-100. Alikuwa amechelewa. Walitolewa na Indiana Mei 31, na Juni 3 akafukuzwa kazi. Sikutishi, Mwalimu. Nakusimulia tu.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na ndiyo siku ninayofunga saa nane ili niwahi mechi. Kurudi Gongo la Mboto nilisimama njia nzima, na konda akanitoza nauli ya ngoma. Nyumbani mke wangu akauliza kama tumeshinda, nikasema mechi imeahirishwa. Kumbe matokeo alishayaona kwenye simu, ananitazama tu huku anapakua ugali.

Nilikuwa na madai mengi. Nilitaka uombe radhi. Nilitaka utueleze habari ya ile taimauti. Nilitaka yule kijana wa pointi tatu apewe robo nzima, mama yake asirudi Kibamba na chupa ya uji haijaguswa. Yote nayaacha. Nabaki na moja: mpumzishe gadi wetu. Robo ya tatu, dakika ya tano, mtoe, akae, anywe maji. Dakika mbili tu, Mwalimu. Mbili. Hata tukifungwa pointi nne ndani ya hizo mbili, sisi wa ngazi ya juu hatutafungua mdomo.

Jumamosi nitakuwepo. Saa ya simu nitakuwa nimeiweka tayari.

Ni mimi, mpiga ngoma.