Kuhusu Ben Saanane

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Wageni mmeniuliza Ben ni nani. Ni kijana aliyekuwa msaidizi wa Freeman Mbowe, Mwenyekiti wa Chadema, chama cha upinzani Tanzania, wakati ule, upande wa sera na utafiti. Alitoweka Novemba 2016. Mwaka mmoja baadaye mwandishi Azory Gwanda naye akatoweka, kule Kibiti. Familia zote mbili hazijapewa jibu, wala kaburi la kuzuru.

Nawasihi, tusirushe humu sauti na picha zisizo na chanzo. Zinawafikia ndugu zake Ben, na zinaumiza sana. Pia tusimwite marehemu. Nani amethibitisha? Mwenye taarifa ya kweli aipeleke polisi au kwa familia, asiibandike hapa.