Barua ya sukari ya Mama

Columbus, Ohio

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu, hasa Bi Mkubwa na sukari yake. Nimeamua kuandika barua kwa kuwa ujumbe wa sauti husikilizwa mara moja, kisha unapotelea chini ya picha za harusi. Hii ikunje uiweke ndani ya daftari lake la kliniki.

Kwanza nakuomba radhi kwa lile la soda. Uliponiandikia "Mama kapima, imesoma 11", nilikuwa kazini, mapumziko ya dakika kumi na tano. Nikaingia kwenye simu kutafuta, na kila nilichosoma kikaniambia mwenye sukari ya 11 yuko karibu kupoteza fahamu. Nikakupigia huku natetemeka, nikakwambia mpe soda haraka, nawe ukampa. Naye maskini alikuwa barazani anachambua mchele, wala hana habari. Akanywa kwa sababu binti yake aliye Marekani kasema.

Kumbe huku wanatumia kipimo kingine. Mashine za Marekani zinahesabu miligramu kwa desilita, ya Mama inahesabu milimoli kwa lita, na ukitaka kupata hesabu ya huku unazidisha mara 18. Hiyo 11 yake kwetu huku ni 198. Sukari ilikuwa imepanda, nami nikaamrisha aongezewe. Usiku ule sikulala.

Basi ukipima tena, piga picha ya kioo chote cha mashine, na zile herufi ndogo za pembeni zionekane. Niambie pia kama kala au hajala, maana ya asubuhi kabla ya chai na ya baada ya wali hazilingani. Kwa mashine yake, ikisoma chini ya 4 ndiyo imeshuka. Hapo mpe nusu glasi ya soda yenye sukari, subiri dakika 15, pima tena. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

La pili ndilo lililonikaa moyoni. Miezi mitatu nimekuwa nikisoma habari za kisukari usiku kucha, nakutumia wewe, namtumia Shangazi, namtumia Kaka Dar. Mama mwenyewe sikumuuliza neno. Ijumaa iliyopita nilimpigia, nikamwambia, "Mama, leo sina la kukueleza, nieleze wewe." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, zile tembe kubwa nyeupe zinanichafua tumbo. Nameza moja, nyingine naiweka." Anazimeza alfajiri, akitoka kuswali, kabla hajatia kitu kinywani! Hizo ni metformin, dawa ya kushusha sukari, na zinatakiwa zimezwe pamoja na chakula au mara baada ya kula. Kuchafuka tumbo ni jambo la kawaida kwa dawa hiyo, hasa mwanzoni, na ipo nyingine ya aina hiyo hiyo inayoyeyuka polepole, wengi huivumilia vizuri zaidi. Lakini kubadilisha au kupunguza ni kazi ya daktari. Siku ya kliniki mwache Mama aseme mwenyewe kwamba amekuwa akimeza nusu. Asione haya, na wewe usimjibie. Daktari asipojua hilo ataona sukari haishuki, na anaweza kumwongezea dawa bure.

Kuhusu ile chupa ya mlonge aliyotumiwa Shangazi, inayodai siku 21 sukari kwisha kabisa: mlonge siukatai, ni mboga, apikiwe ale. Ila anayemwambia mgonjwa aache tembe za hospitali anunue chupa yake, huyo msimsikilize hata kidogo. Mimi siku hizi kabla sijakutumia kitu naangalia kimeandikwa na nani, lini, na mwishoni anauza nini. MedlinePlus, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina maelezo ya afya kwa Kiswahili pia. Mchapishie kwa herufi kubwa, macho yake si kama zamani, hata maandishi ya kwenye pakiti ya dawa alikuwa akibahatisha.

Na miguu, mdogo wangu. Kila jioni mkalishe kwenye kigoda, washa tochi, tazama nyayo na katikati ya vidole. Sukari huua hisia, mtu anachomwa na mwiba asijue. Ndala za uani nimemnunulia, ziko kwenye mzigo pamoja na vijiti vya mashine. Mwenyeji wetu anakuja nao Jumamosi.

Mwambie Mama Ijumaa nitapiga tena, akishakula. Simu mpe mkononi yeye, nawe tutazungumza baadaye.

Wasalaam,
Dada yako