Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Marekani: sahihi ya mama asiyeelewa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Huduma za Jamii,
Washington.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Louisville, Kentucky. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza nakijua, tena ndicho kinachonilisha: kazi yangu ni ukalimani hospitalini, kati ya madaktari na akina mama waliotoka Bukavu, Uvira, Kalemie, huko mashariki mwa Kongo, wengine wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Lakini nataka ofisi yako ihangaike kidogo kumtafuta wa kuisoma barua hii. Ikimkosa, tafadhali isimwite mtoto wa darasa la tano.

Huyo mtoto wa darasa la tano namfahamu. Ni kijana wa jirani yangu, na mama yake ameniruhusu nisimulie bila kumtaja yeye wala hospitali. Mimba ilikuwa ya wiki 37, presha ikapanda. Daktari akazungumza, kijana akatafsiri. Jina la ugonjwa hakulijua, akasema tu, "Damu yako iko juu." Daktari akaeleza habari ya kuanzishiwa uchungu kwa dawa, kwamba isipofaulu atapasuliwa, kwamba kila njia ina hatari zake. Kijana akafupisha: "Mama, wanasema utie sahihi mtoto atoke." Akatia. Usiku ule akapasuliwa.

Huenda kupasuliwa kulikuwa lazima, maana presha ya namna ile huua, na sina ugomvi na daktari aliyeshika kisu. Lakini jirani yangu alijua kuwa amepasuliwa alipozinduka na kugusa bandeji. Na anasema kidonda kilipona mapema kuliko ile aibu ya mwanawe wa kiume, mwenye miaka 11, kutumwa amuulize mama yake ni mimba ngapi zilizoharibika kabla ya hiyo.

Hata sisi tuliosomea kazi hii tunajikwaa. Ugonjwa ule kwa Kiswahili tumezoea kuuita kifafa cha mimba. Mwambie hivyo mama wa Fizi, atakujibu kwao hakuna mwenye kifafa, na mazungumzo yamekwisha. Kwa hiyo huzunguka: ni presha inayoletwa na mimba, ikipuuzwa yaweza kuleta degedege, ukiona kichwa kinauma hakipoi, macho yanaona ukungu, uso na mikono inavimba, unaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, usingoje asubuhi. Tena inaweza kuanza hata baada ya kujifungua, ukiwa umesharudi nyumbani na wageni wamejaa sebuleni. Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Maelezo haya yanakula dakika kumi, na wakati wote huo namwona muuguzi akiitazama saa.

Usidhani lugha ikipatikana mambo yamenyooka. Mwaka 2019 nilikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza nilijifungua kwa upasuaji, safari hii nikataka kujaribu njia ya kawaida. Kiingereza ninacho, maswali niliyaandika kwenye daftari. Daktari, mtu mpole, akajaza kikokotoo kwenye kompyuta, akanigeuzia kioo: uwezekano wangu wa kufaulu haukufika nusu. Nikakubali kisu kwa mara ya pili, nikajiona nimeamua kwa akili zangu.

Baadaye ndipo nilipojua kuwa kikokotoo kile, kilichotungwa mwaka 2007, kilikuwa kinauliza umri, uzito, historia ya uzazi, halafu kinauliza kama mama ni Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Ukijibu ndiyo, alama zinashuka. Wanawake weusi walionekana kufaulu mara chache zaidi, basi rangi ikawekwa kwenye hesabu kana kwamba ni kasoro ya nyonga. Mwaka 2021 swali hilo liliondolewa. Mimi mwanangu alikuwa ameshaanza kutembea. Sijui ningeamua nini kama ningeambiwa, najua sikuambiwa.

Takwimu ni zenu wenyewe, za Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC). Mwaka 2023 walikufa kwa sababu za uzazi wanawake weusi 50.3 katika kila vizazi hai 100,000. Weupe walikuwa 14.5. Kamati za majimbo zinazochunguza vifo hivi zimeona kwamba zaidi ya vinne katika kila vitano vingeweza kuzuilika. Ndani ya hiyo 50.3 kuna mjukuu wa watumwa wa Mississippi na kuna mama aliyetua hapa mwaka juzi na mfuko mmoja wa karatasi za uhamiaji, wamewekwa kapu moja.

Sheria ipo. Kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 kinaibana kila hospitali inayopokea fedha zenu, na kanuni zake zinaitaka impe mgonjwa mkalimani aliyehitimu, bure. Zinakataza kumtegemea mtoto, isipokuwa kwa muda, katika dharura, mkalimani akiwa anatafutwa. Zile za mwaka 2024 zikaongeza kwamba karatasi nyeti ikitafsiriwa na mashine, sharti mfasiri aliyehitimu aipitie. Kisha Machi 2025 ikaja amri ya Rais ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na kuifuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu huduma kwa wasiokimudu. Tangu siku hiyo wahudumu wameniuliza zaidi ya mara moja, kwa nia njema kabisa: "Bado tunalazimika kukuita?" Bado. Amri ya Rais haifuti sheria iliyopitishwa na Bunge. Ila ingefaa wayasikie haya kwako, si kwa mkalimani anayelipwa kwa saa. Wanadhani natetea kibarua changu.

Ninachoomba ni kidogo. Ziandikie hospitali waraka mfupi, wa ukurasa mmoja, kwamba wajibu huo haujaondoka. Ziagize kila karatasi ya ridhaa ya uzazi iwe na mstari wa kuandika nani alitafsiri na kwa lugha gani, ili "mwana wa mgonjwa" akiandikwa pale, mtu aulizwe. Kamati za vifo nazo ziandike lugha ya marehemu. Na suala la pesa: Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inaruhusu jimbo kulipia ukalimani ila hailazimishi, na kwa sababu hiyo mama mmoja anapata tableti yenye mkalimani na mwingine anapata mwanawe.

Jirani yangu ana mimba tena, ya wiki 31. Anataka kujua kama safari hii anaweza kuzaa mwenyewe, kovu lake lilishonwaje, na presha ikirudi itakuwaje. Kijana ametangaza kwamba yeye haingii tena kwenye chumba kile, hata akiahidiwa simu. Miadi ni Alhamisi saa tatu asubuhi. Nimewapigia mara mbili kuuliza nani atatafsiri, bado wanatafuta.

Jibu lako likija kwa Kiingereza si neno. Nitamsomea mwenyewe.

Mkalimani, mama wa watoto wawili,
Louisville, Kentucky