Siwa haiingii ndani ya simu

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za kulipokea gatini likiwa limeroa maji ya chumvi, na sijawahi kuwaandikia. Makosa ya tahajia nimeyasamehe, hata siku ile mlipoiweka Shela, kijiji cha kisiwani mwetu Lamu, bara. Lakini makala ya wiki jana, ya kwamba makumbusho yamepitwa na wakati maadamu kila kitu kimo mtandaoni, imenifanya niweke randa chini.

Mwandishi wenu anadai kuwa tangu makumbusho yafungwe kwa ajili ya Korona mwaka 2020, watu walizoea kutazama kwenye simu na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Nitamtajia mmoja: mjukuu wangu, yuko gredi ya nne. Shuleni kwao, ambako sitapataja, ziara ya makumbusho ilifutwa, wakaonyeshwa picha kwenye tableti. Aliporudi nikamuuliza kaona nini.

“Nimeona siwa, Babu.”

“Kubwa?”

Akatenga kidole gumba na cha shahada, baina yake mwanya wa tende mbili.

Mhariri, siwa ya Pate! Pembe ya karne ya 17, ya meno ya ndovu, inayokaribia futi saba, iliyopulizwa kwenye harusi za wakubwa na kutawazwa kwa wafalme. Mtoto aliyezaliwa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, mwendo wa dakika chache kutoka makumbusho ilipo, anaijua kwa kimo cha tende mbili. Na hakusema uongo. Ndivyo alivyoiona.

Jumamosi nikamshika mkono tukaenda, uzi wangu wa kupimia mfukoni. Mbele ya siwa alinyamaza, naye si mtoto wa kunyamaza. Kisha akauliza, “Mdomo wa kupulizia uko wapi?” maana alikuwa anautafuta kule nchani. Nikamwambia azunguke. Akainama, akachungulia, akaliona tundu ubavuni. Tukautandaza uzi usawa wa siwa bila kuigusa (mlinzi alitutupia jicho lakini hakutufukuza), nikapiga fundo. Nyumbani aliunyoosha msanani, ukumbini, akalala kando yake. Uzi ulimpita kichwani kwa zaidi ya nusu ya kimo chake. Alilala pale mpaka mama yake akamwita kula.

Mimi ni fundi wa nakshi, kwa hiyo labda nina upendeleo. Kwenye kiti cha enzi cha makumbusho mgeni hutazama mbele, penye njumu, yaani mapambo ya pembe yaliyopachikwa kwenye mbao. Mimi nataka kuona nyuma na chini, vipande vilivyoungwa. Mpiga picha hajali huko, na simwoni mtu wa mtandao akinigeuzia kiti.

Na sasa picha imekuwa kisingizio cha kuuza. Mwaka juzi mtaani kwetu mlango wa kale uling'olewa, ukapakiwa mkokoteni wa punda hadi ufukweni, ukaondoka na jahazi. Mahali pake pametiwa bati jeusi lenye geti la kufuli. Nilipolalamika, mwenye nyumba akanicheka: “Usihuzunike, fundi, kijana wangu ameupiga picha.” Miezi baadaye, mwenyewe huyo, bila haya, akanijia nimchongee mwingine kama ule. Nikamwambia alete hiyo picha. Nusu ya mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, ilifunikwa na kanga iliyoanikwa, kona ya juu ilikuwa kidole cha kijana wake, na kina cha nakshi hakijulikani, kwani jua la mchana lilipiga usoni na kivuli hakuna. Nichonge nini, Mhariri? Kidole? Mji huu UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Kwa mwendo huu wajukuu wetu watarithi albamu.

Jirani zetu Wapokomo wa Tana River wanaijua vizuri hadithi hii. Ngoma yao kuu, Ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, na tangu 1908 imo British Museum, London, stoo. Kama picha inatosha, mbona London haibaki na picha ikarudisha ngoma? Wenye kuambiwa kuwa picha inatosha ni sisi siku zote.

Sisemi mtandao ni uchafu. Hati za tenzi zetu zilizoko chuo kikuu cha SOAS, London, siku hizi mtu anazisoma akiwa barazani Langoni, mtaa wa hapa Lamu, bila viza, na mimi mwenyewe nimekesha nazo macho yakitoka machozi. Lakini hati ni ya kusomwa, ukishaiona herufi umeipata. Siwa haisomwi.

Pendekezo langu ni dogo. Bei ya tableti ilipie mashua ya watoto wa Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate, waje maji yakijaa na warudi yakijaa, ishirini ishirini, wasikanyagane. Kila mtoto apewe uzi wa futi nane. Asiandikishwe insha wala asijaziwe fomu, arudi kwao na fundo lake tu. Mwandishi wenu apande mashua hiyo hiyo, akae mbele penye mawimbi, na simu aiache kwa mhariri.

Uzi nitampa mimi, ninao wa kutosha. Aharakishe tu, kwani mlango wa mteja wa Matondoni umeshachelewa siku mbili kwa ajili ya barua hii.

Fundi nakshi,
Mkomani, Lamu