Madalali wa mizigo wanatumaliza, LATRA tusaidieni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wenye gari moja moja tunalizungumza kila siku kwenye paking za malori Tunduma, mpakani na Zambia, ila magazetini hatulioni. Nina kichwa kimoja na tela lake, Scania ya mtumba niliyoichukulia mkopo, naendesha mwenyewe na tingo wangu, yaani msaidizi, njia yangu ni Dar, Tunduma, Zambia mpaka Kongo. Mzigo siupati kwa mwenye mzigo. Migodi na makampuni makubwa wanataka msafirishaji mwenye gari 50 au 100, mimi hawanijui, kwahiyo nategemea dalali, na dalali siku hizi yuko kwenye simu, grupu la WhatsApp linaanza kulia saa kumi na moja alfajiri, "Dar–Kolwezi gari 10, salfa, kupakia kesho, 60/40", ukichelewa kujibu dakika tano mwenzio kashauchukua. Hiyo 60/40 maana yake asilimia 60 unapewa ukishapakia, ndiyo advansi, na 40 ni balansi, unalipwa ukirudisha POD, ile karatasi ya kushushia iliyosainiwa na kugongwa muhuri na aliyepokea mzigo.

Shida yetu yote iko kwenye hiyo 40.

Advansi haibaki. Mafuta yanakula sehemu kubwa, na EWURA, wadhibiti wa mafuta, wanatangaza bei mpya kila mwezi lakini bei ya dalali haipandi hata dizeli ikipanda, halafu kuna ushuru wa barabara Zambia, kuna peaji za Kongo, nazo ni ushuru wa barabara, posho, tairi likipasuka ndio hivyo tena. Ukifika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, mfukoni hamna kitu. Kwahiyo rejesho la benki, ada za watoto, mshahara wa tingo, vyote vinasubiri balansi, na balansi iko mkononi kwa mtu ambaye gari yangu ikishaondoka bandarini hana tena haraka na mimi.

Nitoe mfano wangu. Mwezi wa nane 2023 nilipakia salfa Dar, kemikali ya migodini, ile mifuko mikubwa ya tani moja moja, mifuko 32, kwenda mgodini upande wa Kolwezi, Kongo. Tukakubaliana kwa mdomo dola 5,000, nikapewa 3,000. Nikapita mizani zote kuanzia Vigwaza mpaka Mpemba bila tatizo, Kasumbalesa foleni siku sita, nikafika mgodini nikakaa getini siku tisa nasubiri zamu ya kushusha. Wakati wa kushusha foko la foklifti likatoboa mifuko miwili, salfa ikamwagika chini manjano, macho yanawasha mpaka machozi, na mwenye foklifti ni mtu wao wala sio mimi. Nikamwomba aliyepokea aandike kwenye karatasi kwamba mifuko imechanika wakati wa kushusha, akaandika kwa mkono, akagonga muhuri. Ile POD niliiweka kwenye nailoni nikailaza chini ya godoro la kitanda cha gari, wakati wa kurudi mvua zimeshaanza na kioo cha upande wa tingo kilikuwa hakifungi vizuri, nikawa naamka usiku naipapasa kama ipo, maana muhuri ukichujuka kidogo tu dalali anakwambia hausomeki rudi kagongeshe, na kurudi ni Kongo huko.

Pale getini jirani yangu alikuwa dereva wa kampuni nyingine iliyopewa kazi moja kwa moja, salfa ileile, meli ileile, mgodi uleule. Akanionyesha oda ya kazi kwenye simu yake, dola 6,300 kwa gari. Nilikaa kimya muda mrefu. Baadaye nikaja kujua mzigo wangu ulipita kwa madalali watatu, wa kwanza kampa wa pili, wa pili kampa wa tatu, ndipo ukanifikia mimi, na kila mmoja kamega pake. Sikatai mtu kulipwa kwa kazi ya kutafuta mzigo. Ila dola 1,300 kwa kupiga simu, na mimi niliyelala getini siku tisa nikitoa dizeli, matairi na rejesho ndani ya 5,000 sibaki hata na nusu ya hiyo, hapo haki iko wapi.

Nikarudisha POD Dar. Nikaambiwa siku 14. Zikaisha siku 14 ikaja "kaka vumilia, mteja hajaingiza". Halafu ikaja dola, mnakumbuka mwaka ule dola zilivyoadimika, basi ndio ukawa wimbo, dola hamna benki, dola hamna benki, nikasema nilipe basi kwa shilingi, akakubali lakini kwa bei ya dola aliyoipanga yeye. Kwenye hesabu akakata dola 400 za ile mifuko miwili, anaita shoteji, yaani upungufu wa mzigo, nikamwonyesha maandishi ya mgodini akasema mteja wake ndiye aliyekata. Risiti ya hicho alichokata mteja sijaiona mpaka leo. Na dimareji, yaani malipo ya gari kusubirishwa, ya zile siku tisa, tulikubaliana siku tatu za bure na zinazobaki dola 100 kwa siku, akasema mteja kakataa. Huyo mteja simjui jina, sina namba yake, na dalali ananikataza kuuliza getini kwa sababu eti nitamwibia mteja. Sasa nitajuaje kama dimareji haikulipwa au ililipwa ikaishia kwake? Hela yangu ilitoka vipande vipande kwa miezi mitano, laki tatu leo, laki tano baada ya wiki tatu, na katikati hapo nilichelewesha rejesho mara mbili nikapigwa faini.

Ukienda ofisini kwake unakuta meza, kiti na binti anakwambia bosi katoka. Ukipiga kelele sana unatolewa kwenye grupu, na madalali wanajuana, wiki hiyohiyo unajikuta hupati mzigo kwa mwingine. Ndio maana wenzangu wengi wananyamaza.

Wapo madalali waungwana. Kuna mmoja pale Tabata nimefanya naye kazi miaka mitatu, anakutumia oda yenye jina la mwenye mzigo, anakwambia bayana mimi nachukua kiasi hiki, na POD ikifika siku ya kumi hela imeingia. Kwahiyo inawezekana, hakuna uchawi hapo.

Ninachoomba LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na Wizara ya Uchukuzi ni hiki. Gari yangu ina leseni ya LATRA, ina bima, inapimwa, nikizidisha tani 56 kwa jumla mizani wananishika kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Wakala wa forodha ana leseni ya TRA na anaweka dhamana. Dalali anayeshika mamilioni ya watu, kwa hawa ninaokutana nao mimi, ana simu tu. Asajiliwe, aweke dhamana benki, na kila mzigo uwe na karatasi inayosema mwenye mzigo ni nani, kalipa kiasi gani, balansi inatoka siku ya ngapi, dimareji ni kiasi gani, na mzigo usipite zaidi ya dalali mmoja. Binamu yangu anaendesha lori Marekani, huko Ohio, ananiambia kule dalali lazima aweke dhamana ya dola 75,000 na asipomlipa mwenye gari, mwenye gari anadai kwenye hiyo dhamana, na kanuni zao zinampa mwenye gari haki ya kuona rekodi ya alicholipa mwenye mzigo. Anasema wapo madalali wanaoweka kipengele kwenye mkataba cha kukufanya uiachie hiyo haki, kwahiyo na sisi tukitunga ya kwetu tuzibe hapo mapema.

Na ndugu zangu wa gari moja moja, hata kabla serikali haijafanya lolote, tusipakie bila oda ya maandishi, hata kama ni meseji, iandikwe bei na siku ya balansi. Mmoja akikataa peke yake anaachwa, tukikataa paking nzima watatuandikia.

Katika ile safari ya 2023 bado nadai hela yangu. Juzi asubuhi dalali yuleyule kaweka tangazo kwenye grupu jingine, gari 10, salfa, Kolwezi, 60/40, na nimeona vijana wapya wanaandika "nipo bosi". POD yangu ninayo ndani, kwenye nailoni ileile, muhuri unasomeka vizuri kabisa, na nipo tayari kuipeleka ofisi yoyote itakayoniita.

Mwenye gari na dereva,
Makambako, Njombe